Wito wa harambee: vijana wetu wa muziki wa chemba wanahitaji mwaka mmoja zaidi wakiwa pamoja

Ndugu wazazi, walezi, jamaa na wapenzi wote wa muziki,

Tunawaomba mchango. Tunalitanguliza hilo ili asiye na nafasi ya kusoma yote ajue ameitiwa nini. Vijana wetu wanaopiga muziki wa chemba wamefika mahali ambapo bidii yao peke yake haiwavushi tena, na kamati imekubaliana kuitisha harambee ili wapate mwaka mmoja mzima wa kufundishwa na kupiga mbele ya watu, wakiwa katika makundi yale yale waliyomo sasa.

Kwa ambao hamjapata kuwasikia, muziki wa chemba hupigwa na watu wachache, kuanzia wawili hadi wanane au tisa hivi, bila kondakta, yaani mtu wa kusimama mbele na kuwaongoza, na kila mmoja ana sehemu yake ambayo hakuna mwingine anayeipiga. Sisi tunayo kwarteti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo, na chelo, ambayo ni kubwa zaidi na hupigwa mtu akiwa ameketi. Tunayo trio ya piano, fidla na chelo. Tena tunayo kwinteti ya ala za kupuliza: filimbi, obo, klarineti, basuni na honi. Wengi wao wamemaliza masomo ya ala zao au wamo mwaka wa mwisho. Shida ya umri huu mnaijua. Mtoto anayeanza hupata wa kumhurumia, na gwiji hulipwa. Anayechipukia, ambaye amekwisha kuiva kidogo lakini jina bado hana, huambiwa avumilie.

Tumeulizwa mara nyingi, tena na watu wanaotutakia mema, kwa nini tusiwapeleke vijana hawa kwenye okestra, lile kundi kubwa la wapigaji, yakaisha. Wengine watakwenda, na tutafurahi. Lakini okestra kubwa inaweza kuwa na fidla za kwanza kumi na sita zinazopiga sehemu ile ile, na mmoja akiteleza, kumi na watano wanamsitiri. Kondakta naye yupo mbele, ndiye anayeamua mwendo uwe wa kasi gani na nani apunguze sauti. Kwenye kwarteti hakuna wa kukusitiri na hakuna wa kukuamulia. Wanne hao hubishana, hukubaliana, hujaribu, hukosea na kuanza upya. Mwanamuziki aliyepita hapo huingia okestra akiwa na masikio mengine kabisa.

Mazoezi ya hivi karibuni yanaonyesha tunachosema. Kwarteti yetu ilikuwa kwenye sehemu ya polepole ya kwarteti, yaani kazi ya kupigwa na wanne, ya mtunzi Haydn wa Austria, Opus 76 namba 3, aliyoitunga mwaka 1797. Wimbo wake wengi mnaujua hata kama hamjui kuwa mnaujua, maana ndio ambao leo ni wimbo wa taifa wa Ujerumani. Haydn karibu hakuugusa wimbo wenyewe, alichofanya ni kuupitisha kutoka mkono hadi mkono. Fidla ya kwanza huutoa. Kisha fidla ya pili huubeba, huku ya kwanza ikizunguka juu yake kwa nota ndogondogo. Kisha chelo, kisha viola, na mwisho unarudi kwa fidla ya kwanza. Kila mtu ana zamu ya kuongoza, na kila mtu ana zamu ya kumpisha mwenzake, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Zamu ya viola ilipofika, kijana wetu alipiga vizuri, kila nota mahali pake, lakini hakusikika. Mwalimu hakumwambia aongeze sauti. Aliwaambia wenzake waweke ala magotini, waimbe sehemu zao kwa midomo, taratibu, kijana wa viola akiendelea kupiga. Hapo wakajisikia wenyewe: hapa mmoja anaivuta nota hadi inaumeza mwanzo wa sentensi ya viola, pale mwingine anavimbisha sauti palipotakiwa kunywea. Wakashika ala tena. Kijana wa viola akavuta pumzi kwa pua, pumzi ya kusikika, akainua kichwa cha ala yake kidogo tu, na wenzake wakamfuata bila mtu kuhesabu. Mistari michache ya nota ilikula karibu kipindi kizima. Saa kama hiyo ndiyo tunayowaomba mtulipie, kwa sababu kijana hawezi kujifundisha peke yake nyumbani.

Msidhani pia kwamba tiketi zitamaliza deni. Wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilieleza jambo hili mwaka 1966, na maelezo yao hayajachakaa. Kiwandani mashine mpya huja, mfanyakazi mmoja akatoa kazi ya kumi. Kwarteti ya mtunzi Beethoven bado inataka watu wale wale wanne na dakika zile zile ilizotaka siku ilipotungwa. Huwezi kumpunguza mpiga chelo ili gharama ishuke, wala huwezi kuipiga kwa nusu ya muda ukajisifu kwa ufanisi. Maisha yanapanda bei kila mahali, nao wapigaji wanaishi maisha hayo hayo. Ukumbi nao lazima uwe mdogo, la sivyo utamu wenyewe unapotea. Hata Wigmore Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1901 na inayoheshimiwa mno kwa muziki huu, ina viti kama 550 tu.

Kwa hiyo tangu zamani muziki huu umekuwa na mtu wa pembeni anayelipa. Haydn alikula mshahara wa ukoo wa Esterházy kwa karibu miaka 30 mfululizo. Mwaka 1809 Beethoven alipotaka kuhamia kwingine alikoahidiwa cheo, waheshimiwa watatu wa Vienna, jiji la Austria, walikaa wakachangishana: Archduke Rudolph, Prince Lobkowitz na Prince Kinsky. Waliahidi kumpa florini 4,000 kila mwaka mradi asiondoke. Ile ilikuwa harambee, tena ya watu watatu tu. Ikawa na matatizo ambayo mweka hazina wetu anayafahamu fika. Mwaka 1811 serikali ya Austria ilishusha thamani ya fedha za karatasi, mchango ukanywea. Mwaka uliofuata Kinsky alianguka kutoka kwenye farasi akafa. Lobkowitz akafilisika. Beethoven akabaki kufuatilia ahadi hadi mahakamani. Ahadi ni deni, na sisi hatuna nia wala nauli ya kumpeleka mtu mahakamani, ndiyo maana tunasema mapema: toa kidogo unachokiweza leo kuliko kutaja kikubwa kitakachokufanya utukwepe njiani.

Sisi hatuna mwana wa mfalme wa kumwendea. Tunao nyinyi, na kwa kweli tunapendelea hivyo. Mfadhili akiwa mmoja, akikasirika au akihama, kazi yote hulala.

Fedha zitakwenda wapi? Sehemu kubwa kuliko zote itakwenda kwa walimu. Hapa tunafuata mfano ambao umefanya kazi kwingine kwa muda mrefu. Huko Marlboro, katika jimbo la Vermont, Marekani, tangu mwaka 1951 wanamuziki wazoefu wamekuwa wakikutana na vijana kila majira ya joto. Badala ya kusimama mbele yao na kidole, huketi nao ndani ya kundi na kupiga nao, mkubwa na mdogo kwenye karatasi moja ya nota. Guarneri Quartet, iliyodumu kwa zaidi ya miaka 40, ilizaliwa huko mwaka 1964. Nasi tunataka kila kundi letu lipate mtu mzima wa kuketi nalo namna hiyo, mara kwa mara, si kwa ugeni wa siku moja wa kupigwa picha. Mgeni wa siku moja husisimua, akiondoka vijana hurudi walikokuwa.

Linalofuata lilizua mjadala ndani ya kamati, na afadhali mlijue. Tumeamua kwamba kila kijana atakayepiga kwenye onyesho atalipwa, hata kama ni kidogo. Walikuwapo waliosema vijana wanapata uzoefu, na uzoefu ndio malipo yao. Tuliwauliza kama fundi bomba wao hulipwa uzoefu. Kijana anayepiga bure leo atapiga bure kesho kutwa, na siku atakayotaja bei ataonekana ana kiburi. Zaidi ya hapo, makundi mengi huvunjika kwa njaa. Mpiga fidla ya pili hupata kibarua kinachoangukia jioni za mazoezi, watatu waliobaki wakaanza kutafuta mwingine, na kazi ya miezi ikarudi mwanzo. Kundi ni kitu kinachokua polepole. Ndiyo sababu tunaomba mwaka wa kukaa pamoja, hatuombi onyesho moja kubwa.

Kinachobaki ni cha ala. Upinde wa fidla una nywele za mkia wa farasi, nazo huchoka, hukatika, na lazima zibadilishwe hata kama hakuna kilichovunjika. Nyuzi hufa sauti kabla hazijakatika. Chelo moja imefanya ufa ubavuni kwa sababu ya hewa kavu, na ufa wa chelo hauzibwi na gundi ya dukani, unamtaka fundi wake. Wapuliza obo na basuni huchonga wenyewe ndimi za ala zao kutoka kwenye matete, na ulimi mzuri hudumu muda mfupi sana kulinganisha na jasho lililoutengeneza. Tukialikwa mbali, chelo hukatiwa tiketi ya kiti chake kwenye ndege kama abiria, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu anayeipeleka kwenye mizigo. Kiti inacho, ila chakula chake hakuna anayetupa.

Nota za watunzi wa zamani hazitatugharimu, maana haki zake zimekwisha muda na zinapatikana bure. Tutatenga kiasi kwa ajili ya kazi mpya, zenye watunzi walio hai wanaopaswa kulipwa kama wapigaji. Vijana wetu wasikue wakidhani muziki huu ulimalizika kutungwa Vienna. Mtunzi wa Uingereza Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, aliandika kwinteti ya klarineti na nyuzi mwaka 1895 akiwa bado kijana wa kozi, na mtunzi Mendelssohn alikuwa na miaka 16 tu alipoandika okteti yake, kazi ya wapigaji wanane, mwaka 1825. Wenye umri huo tunao hapa.

Hakutakuwa na fulana za harambee, wala mabango yenye picha za kamati, wala chakula cha jioni cha kuchangisha kinachokula nusu ya kilichochangwa. Kila mchango utapewa risiti. Fedha hazitoki bila saini mbili, na hesabu zitasomwa mbele ya wachangiaji kila baada ya miezi mitatu, pamoja na vijana wenyewe wakiwapo, kwani ni vizuri wajue jasho la nani linawalipia. Tukipata pungufu ya lengo, tutapunguza maonyesho na safari. Saa za mafunzo hazitaguswa.

Asiye na fedha wakati huu bado anaweza kutufaa sana. Kuna fidla na viola zimelala uvunguni tangu mtoto wa nyumba hiyo alipooa. Zileteni, hata kama zimekatika nyuzi, fundi ataziangalia na mtapewa hati kwamba ni za kuazima au za kutoa moja kwa moja, kama mtakavyotaka. Kuna wenye magari ambao wangeweza kutubebea chelo mara moja moja. Na kuna wenye sebule.

Hao wenye sebule tunawaomba kwa namna ya pekee. Muziki huu ulianzia vyumbani mwa watu, na kundi changa hujifunza haraka zaidi likipiga kwa wasikilizaji ishirini walio karibu kiasi cha kuona jasho, kuliko likipiga kwenye jukwaa la mbali. Hatuhitaji anasa. Tunahitaji chumba ambacho televisheni inaweza kuzimwa, taa ya kutosha kuona nota, na viti vinne visivyo na mikono, kwa sababu kiti chenye mikono humfunga mpiga chelo viwiko na mpiga fidla upinde. Sakafu ikiwa ya vigae, tutakuja na kipande cha zulia ili mguu wa chelo usiteleze. Wageni wako watachangia wanavyojaliwa, na kapu litakuwa mlangoni, hatutalizungusha huku watu wakitazamana.

Mchango wa fedha upelekwe kwa mweka hazina au kwa mwanakamati yeyote mwenye kitabu cha risiti. Msipokee risiti ya mdomo. Wanaotoa kila mwezi watuambie mapema, maana ahadi ndogo inayokuja kila mwezi hutuwezesha kumpa mwalimu ratiba ya mwaka, jambo ambalo donge moja la mara moja halifanyi. Wenye ala, gari au sebule waandikishe majina kwa katibu kabla ya makundi kupanga ratiba zao mpya, na tafadhali mtaje kama vyumba vyenu viko ghorofani. Chelo hupanda ngazi bila shida. Piano ndiyo inayotusumbua.

Wenu katika kazi,
Kamati ya michango, kwa niaba ya vijana