Kaka, wale hawapigani dini tu

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Assad, rais wa Syria wa chama cha Baath, alipokimbia Desemba 2024 ulitaka nikueleze "kwa kifupi" mambo ya Syria. Kwa kifupi! Wewe uliyenyakua daftari langu kwenye matanga ya Baba Mkubwa, ukasoma kwa sauti mbele ya wajomba: "Aflaq, Mkristo wa Damascus, mwanzilishi wa Baath." Ukasema nalipiwa ada nikasomee ugomvi wa dini wa watu wasionijua. Mkeka mzima ukacheka. Mama akajifanya anatafuta kiatu chake. Hilo bado halijanitoka.

Haya, sikiliza. Mkristo yule na mwenzake Mwislamu, Salah al-Din al-Bitar, walianzisha chama hicho cha Baath mwaka 1947 kwa kaulimbiu ya umoja, uhuru na ujamaa. Mwaka 1963 kikatwaa madaraka Iraq na Syria. Umoja wenyewe ndio huu: matawi hayo mawili yaligeuka mahasimu, na Iraq ilipopigana na Iran, 1980 hadi 1988, Syria ikasimama na Iran. Chama kisichotaka serikali iongozwe na dini kikashikana mkono na jamhuri ya maayatola, viongozi wa dini wa Kishia! Mwaka 1982 serikali hiyohiyo ya Syria ikaushambulia mji wa Hama kuzima uasi wa Udugu wa Kiislamu, kundi lililotaka utawala wa dini, na serikali ya Iran haikuvunja urafiki. Dini gani hiyo, kaka?

Sisemi dini haimo. Kwa jirani yao Lebanon, rais ni Mmaroni (Mkristo), waziri mkuu Msuni, spika wa bunge Mshia, na makubaliano ya Taif ya 1989, ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaligawa bunge nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu. Lakini hapo wanagombea viti, si ibada.

Kwa hiyo ukisikia habari za kule, usianze kuuliza nani dhehebu gani. Uliza silaha zinatoka wapi na mishahara ya wapiganaji analipa nani. Hayo ndiyo ninayosomea, na ndiyo sababu nilikataa uhasibu mliokwisha kunichagulia. Halafu nani alinizoesha kukesha na redio, akinizaba kofi la bega nikisinzia kabla taarifa haijaisha? (Wasomaji mtuvumilie, huyu ni kaka yangu wa tumbo moja.) Ningekuwa nakuchukia nisingeandika yote haya.

Nitakupigia Ijumaa usiku. Waite wajomba, na simu uiweke spika.