Barua kwa shemeji anayetaka kumpandisha mbwa Mlima Elgon

Shemeji,

Salamu kutoka Mbale. Ule mpango wako wa kupanda Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon, mita 4,321, hema mgongoni na mbwa pembeni, utaishia getini. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon iko chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na mbwa haruhusiwi kuingia. Usimbembeleze askari. Mbwa anaweza kuwaambukiza wanyama wa porini kichaa cha mbwa na distempa, ugonjwa wa virusi. Mwaka 1994 distempa iliyohusishwa na mbwa wa vijijini iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Geuza safari iwe ya Sipi, wilaya ya Kapchorwa. Maporomoko yake matatu yako nje ya hifadhi, lami inafika, na njia za miguu zinapita kwenye mashamba ya Wasabiny. Ukipiga simu kambini, usiulize tu kama wanakubali mbwa. Uliza kama atalala ndani ya hema lako. Wapo watakaokubali, kisha wakuonyeshe mti wa kumfunga karibu na banda la kuku, na usiku huo hakuna atakayelala.

Chanjo ya kichaa iwe imechomwa angalau mwezi mmoja kabla, na kadi ikae ndani ya gari. Kucha zikatwe mapema, la sivyo zitatoboa sakafu ya hema.

Ondokeni Kampala saa kumi na moja alfajiri. Mbwa asile chochote kwa muda wa saa nne kabla ya kuondoka. Mlo wake mkubwa uwe jioni, mkishafika, maana kona za kupanda Sipi humtapisha hata aliyevumilia tangu Mukono. Kwenye masoko ya barabarani ya Namawojjolo na Najjembe mtasimama tu, nani hupita pale bila kununua kuku wa kijiti? Kuleni nyama, lakini mifupa msimtupie. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Gonja kidogo, ile ndizi ya kuchoma, haina neno.

Watu huogopa baridi ya mlima, ilhali hatari kubwa ni joto la bondeni, kati ya Iganga na Mbale. Msimwache garini hata dakika tano, dirisha likiwa wazi au la. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hutegemea kuhema, na hewa ya gari iliyosimama ikishapata moto, kuhema hakumsaidii tena. Ukiona ufizi umekuwa mwekundu sana, mate yanavuta na anayumba, mpelekeni kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na miguuni huku mkimpepea. Msimfunike kwa taulo lenye maji, litafungia joto mwilini. Kisha mtafute daktari wa mifugo, hata akionekana amepata nafuu.

Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama lita moja ya maji kwa siku akiwa nyumbani. Siku ya kutembea mbebee lita mbili, umpe kidogo kidogo.

Sipi penyewe, kamba isitoke mkononi. Mbuzi na kuku wako kila kona, na watoto wengi wanaogopa mbwa; akirushiwa jiwe, usishangae. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye mshikio juu ya mgongo, si kola peke yake. Kwenye miteremko ya utelezi utamshika kwa huo, na penye ngazi za miti utambeba au mtarudi. Mwambie kijana wa kuwaongoza tangu mwanzo kwamba mnataka njia isiyo na ngazi. Desemba hadi Februari njia hukauka vizuri; Aprili na Mei, baki nyumbani.

Jambo ambalo wageni hawalifikirii ni kahawa. Wakati wa mavuno huanikwa kwenye mikeka uani, na mbwa hula. Kafeini humtia mapigo ya moyo ya kasi, kutetemeka, hata degedege. Akishakula, daktari apigiwe simu papo hapo, msingoje dalili.

Kila jioni mpekue kwa tochi: masikioni, kwapani, chini ya mkia, katikati ya vidole. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Msipake mafuta ya taa. Kwenye nyayo tafuta pia funza, kidoa cheupe chenye nukta nyeusi. Matandiko yake msianike kwenye nyasi, kuna nzi anayetaga mayai hapo na mabuu huingia ngozini.

Dawa ya kupe apewe kabla ya safari, lakini hata hivyo mwangalie kwa wiki tatu baada ya kurudi. Akikataa chakula, ufizi ukapauka au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo, na mumwambie alikotembea.