Neema, aliyelalamika arudishiwe jibu

Mwanza, 8 Februari 2025

Mpendwa rafiki yangu Neema,

Salaam nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Hongera sana kwa kazi mpya. Nilifurahi mno kusikia umepata nafasi kwenye kambi ya wakimbizi Kibondo, kwa sababu nakujua: wewe mtu akikueleza shida yake humkatishi.

Umeniuliza swali ambalo wengi wanaoajiriwa kwenye nafasi kama hiyo hawaulizi. Bosi wako amekuambia kazi yako ni kuelimisha jamii na kuandaa taarifa ya malalamiko kila mwezi, nawe unataka kujua kama kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nakujibu kama ninavyoamini: siyo. Kuelimisha ni kipande kidogo. Kazi yako ni kuhakikisha yale wanayoyasema wakimbizi yanabadilisha yale mnayoyafanya, na kwamba aliyesema anarudishiwa jibu, hata jibu likiwa hapana. Usipopewa nguvu ya kufanya hayo mawili, utashinda ukiandika uchungu wa watu na kuupeleka kabatini.

Imani hiyo niliipata Beni, mashariki mwa Kongo, wakati wa Ebola. Nakumbuka kipindi kile ulikuwa unanipigia usiku ukiuliza kama nipo salama, na mimi nakujibu kwa kifupi tu. Sasa nikueleze vizuri.

Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, karibu na Beni. Mpaka unatangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamefariki watu 2,287. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini ulichukua karibu miaka miwili wakati chanjo ilikuwepo tangu mwanzo, usianze na kirusi. Anza na Oktoba 2014. Tangu mwezi ule watu wa eneo la Beni walikuwa wanauawa vijijini na pembezoni mwa mji, wengine kwa mapanga, familia nzima kwa usiku mmoja. Miaka minne wanazika, miaka minne wanalia kuomba ulinzi. Kisha ikaja Ebola, na ghafla barabara ikajaa magari ya mashirika, nyumba za kupanga zikapanda bei, vijana wa kutoka mbali wakapata ajira, na watu waliovaa mavazi ya kuziba mwili mzima wakaanza kuingia majumbani kuuliza nani anaumwa homa.

Wewe ungeuliza nini? Wao waliuliza hivyo hivyo. Mlikuwa wapi tulipokuwa tunachinjwa? Mbona watoto wetu wanakufa kwa malaria na surua na hatujaona hata gari moja? Hawakuwa wanazua. Surua peke yake iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo kati ya mwanzo wa 2019 na Januari 2020, zaidi ya Ebola kwa mbali, na waliokufa walikuwa watoto wadogo kwa sehemu kubwa. Pale mtaani watu walisema wazi kwamba Riposti, ndivyo walivyouita mpango mzima wa kupambana na ugonjwa, ni biashara.

Halafu siasa ikamwaga petroli. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais siku moja na wenzao, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Siku iliyofuata waandamanaji wakavamia kituo cha kuwapokea wanaoshukiwa kuwa na Ebola pale Beni. Rais akaapishwa Januari, kura zao hazimo. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa katika wiki moja, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi ndani ya hospitali Butembo. Nakuapia, siku ile hakuna aliyekula.

Mauaji yale siyatetei, na walioyafanya walikuwa watu wenye silaha na mipango yao. Ninachokataa ni jinsi baadhi ya ofisi zilivyokusanya kila kitu kwenye kapu moja, mama aliyekataa kumtoa mtoto wake na kundi lililovamia kituo kwa bunduki, wote wakaandikwa kuwa jamii inapinga. Ukishaandika hivyo umejisamehe. Kosa limehamia kwa mama. Machi 2019 Joanne Liu, aliyekuwa rais wa kimataifa wa Madaktari Wasio na Mipaka, alisema hadharani kwamba mapambano yale hayajaushinda ugonjwa, na akalaumu matumizi ya polisi na jeshi kuwalazimisha watu. Nilimshukuru moyoni. Mtu anayeletewa askari mlangoni atamficha mgonjwa wake, hilo halihitaji utafiti.

Sasa, kilichobadilika kilibadilika vipi? Hapa ndipo nataka usome polepole.

Kulikuwa na vijana wa Msalaba Mwekundu, wenyeji wa pale pale, waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Walikuwa na ujumbe wao wa afya, sawa, lakini pia walikuwa wanaandika maneno ya watu kama yalivyosemwa: hofu, maswali, uvumi, mapendekezo, hata matusi. Maneno hayo yalikusanywa, yakapangwa kwa makundi, yakapelekwa kwenye mikutano ya waratibu ili timu inayohusika iamue la kufanya. Jambo mojawapo lililojirudia lilikuwa maziko. Mgonjwa anachukuliwa akiwa hai, anarudishwa ndani ya mfuko uliofungwa, na familia inaambiwa isimame mbali. Basi watu wakasema mle ndani hamna ndugu yetu, mmeweka mawe, au mmemtoa viungo mkaviuza.

Mtu wa mabango angesema tuelimishe, tuchape vipeperushi kwamba viungo haviibiwi. Waliosikiliza walileta mifuko yenye sehemu angavu, uso unaonekana.

Nilikuwepo kwenye maziko ya namna hiyo. Mzee mmoja alikuwa amelizuia jeneza la binti yake lisishushwe, amesimama ukingoni mwa kaburi na fimbo yake, wanawe wamemzunguka, na vijana wa mtaa wanaanza kuokota mawe. Kiongozi wa timu ya maziko, mwenyeji wa Beni, akavua barakoa akiwa mbali kidogo ili mzee amwone sura, akamwamkia, akamwomba asogee hadi pale panaporuhusiwa. Jeneza likafunguliwa. Mzee akatazama. Kitenge alichokichagua mkewe kilikuwa kimewekwa juu ya mfuko, kifuani, kama walivyoomba. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaita jina la binti yake mara moja tu, akawageukia vijana akawaambia waweke mawe chini. Ni yeye mwenyewe aliyetoa ruhusa ya kushusha.

Neema, pale hakuna aliyeelimishwa. Mzee alikuwa na swali la haki, akapewa jibu kwa macho yake.

Ilikuwa hivyo hivyo kwenye matibabu. Shirika la matibabu la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta angavu, ndugu akaweza kukaa nje akimwona mgonjwa wake na kuongea naye, na tetesi kwamba ukiingia hutoki zikakosa nguvu. Waliopona wakaajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa wao walishakuwa na kinga. Mtaa ukimwona jirani yake aliyedhaniwa amekufa anarudi na kufanya kazi mle ndani, huhitaji kipaza sauti.

Lakini nisikudanganye kwamba kusikiliza kulishinda. Malalamiko mazito kuliko yote hayakusikilizwa, na yalikuwa ya wanawake. Mwaka 2020 waandishi wa habari waliandika simulizi za wanawake 51 wa Beni waliosema wanaume waliojitambulisha kuwa wafanyakazi wa mashirika waliwataka kingono ili wapewe kazi. Tume huru ilipochunguza, taarifa yake ya Septemba 2021 ikataja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Wengi wa wanawake hawakuripoti kwa sababu waliogopa kulipiziwa au kupoteza kibarua. Ungemripoti nani, wakati anayekuomba mwili ndiye anayeshika orodha ya ajira?

Kwa hiyo ukifika Kibondo, kabla hujasifia sanduku la maoni, litazame limetundikwa wapi. Nani anakaa karibu yake? Funguo anayo nani? Mama asiyejua kuandika atamwomba nani amwandikie? Nenda bombani asubuhi wakati wa foleni ya maji, kaa na kina mama bila daftari kwanza. Hakikisha kuna mwanamke, siyo bosi wa mtu yeyote kwenye mradi, ambaye binti anaweza kumweleza na jambo likatoka nje ya kambi siku hiyo hiyo. Hili usikubali lisubiri kikao cha mwezi.

Kuna jambo lingine dogo la kambini huko Kigoma, la kabla sijaenda Beni. Kina mama walikuwa wanasema unga wa mgawo haufiki kipimo. Shirika lililohusika likajibu kwamba kipimo ni kile kile na wao wanakisimamia. Malalamiko yakaendelea miezi, yakihesabiwa vizuri kwenye jedwali. Kilichoyamaliza ni mzani. Bibi mmoja wa kamati ya chakula aling'ang'ania mzani utundikwe mlango wa kutokea, kila anayetaka apime mwenyewe. Mama wa kwanza akaning'iniza mfuko wake, ukapungua zaidi ya kilo. Wa pili vile vile. Wakarudi kwenye meza ya kugawia, wakakuta kopo la kuchotea limebonyea kitako kwa ndani. Hakuna aliyeiba. Makopo yakabadilishwa, na kwenye mgawo uliofuata msimamizi akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kina mama walikuwa sahihi, akaeleza kopo lilikuwaje, na waliopunjwa wakafidiwa. Baada ya hapo, hata mambo ambayo shirika lilikuwa haliwezi, watu waliyapokea kwa utulivu zaidi.

Na yatakuwepo mengi msiyoyaweza. Mwaka 2023 mgawo wa chakula kwa wakimbizi nchini mwetu ulishuka hadi nusu kwa kukosa fedha. Wewe hutaongeza gunia hata moja. Unachoweza ni kuhakikisha watu wanaambiwa mapema, kabla hawajasimama kwenye foleni na watoto mgongoni, wanaambiwa sababu, na wanaulizwa: kama hakitoshi, nani asikose kwanza? Wana majibu mazuri kuliko yetu, kwa sababu wanajua ni nyumba ipi ina bibi anayelea wajukuu peke yake. Kuficha ndiyo dharau kubwa.

Wakikuambia haya ni mapenzi yako tu, wakumbushe kwa adabu kwamba Kanuni za Maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinasema shirika linawajibika kwa pande mbili: wanaosaidiwa na wanaotoa fedha. Mfadhili anapata taarifa yenye picha na mahesabu kila robo mwaka. Mkimbizi anapata nini?

Basi naomba ufanye jambo moja kabla hujasaini mkataba. Kaa na huyo bosi umuulize, malalamiko yakija na yanahitaji fedha au uamuzi, yanakwenda kwa nani, na huyo mtu ana siku ngapi za kujibu. Mwambie aliandike kwenye majukumu yako ya kazi. Akikataa, usiikatae kazi, familia inakula. Lakini utakuwa umejua vita yako ya kwanza iko ofisini na siyo kambini, na mimi nitakusaidia kuandika hoja. Nina mfano wa fomu ya kufuatilia majibu, yenye safu ya tarehe mlalamikaji alipojibiwa na aliridhika au la. Nitaituma kwa mtu anayepanda basi la Kigoma wiki ijayo, pamoja na zile dagaa za mama.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie mgongo wangu umepata nafuu. Na niandikie ukishaongea na bosi, uniambie amejibu nini, neno kwa neno.

Wako akupendaye,
Tatu