Barua kwa Mama, kutoka mwanzo wa bomba la mafuta ghafi

Kabaale, Hoima, Uganda
Jumapili jioni

Assalaam alaykum Mama, na shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu hapo Chongoleani, Tanga, linakoishia bomba letu. Barua hii anawaletea dereva wetu mmoja wa Pongwe anayeshuka likizo. Mpeni chai, lakini msimdai pesa, pesa nitatuma kwa simu. Na wewe mdogo wangu utakayemsomea Mama, soma polepole, na ukifika kwenye habari ya macho usiruke.

Kwenye simu kila siku mnaniuliza kama nimekula, nasema nimekula, mtandao unakatika. Hapa kambini simu inashika vizuri sehemu moja tu, nyuma ya tangi la maji. Tunapanga foleni, na wa nyuma yako anasikia kila neno. Mengine hayasemeki pale, ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Tuanze na hicho chakula. Siku ya kwanza kantini mpishi aliniambia, "Leo kuna posho." Nikamuuliza, posho ya siku ngapi? Meza nzima ikaangua kicheko. Kumbe kwa Waganda posho ni ugali! Basi posho na maharage ndiyo maisha yetu, na siku nyingine matoke na mchuzi wa karanga, ambao nimeupenda kweli. Ila nazi hakuna, Mama. Wali unachemshwa kwa maji na chumvi, basi, unawekewa sahani.

Tunalala kwenye makontena yaliyofanywa vyumba, wawili wawili. Mwenzangu ni Mkenya wa Busia, anakoroma lakini ana adabu. Tunaamka saa kumi na nusu alfajiri, na kabla ya kupanda basi la kwenda kazini kila mtu anapuliza kipimo cha pombe. Mimi ambaye sijawahi kuonja hata tembo la mnazi napuliza kila asubuhi ya Mungu, na askari wa getini kila siku anakitazama kile kipimo mara mbili, kama haamini. Kiswahili chake ni cha jeshini, hakijui "tafadhali". Ni "kuja hapa", "simama hapo". Wazee wengi huku ndicho Kiswahili walichokisikia, mdomoni mwa mwenye bunduki, kwa hiyo ukianza kukiongea sokoni wengine wananyamaza kwanza.

Nguo hatufui wenyewe. Unazitia kwenye mfuko wa wavu wenye namba yako, jioni zinarudi zimekunjwa, soksi zimepungua. Namba yangu ni 214. Mara moja nilifua shati bafuni kama ulivyonifundisha, nikaitwa ofisini kuonywa. Mtu mzima naonywa kwa kufua shati!

Mjomba aliuliza hasa ninafanya nini. Mwambie mafuta ya huku yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama mafuta ya nazi kwenye chupa asubuhi ya Julai. Kwa hiyo bomba lote, inchi 24, linavikwa sponji nene ya kuzuia joto lisitoke, kisha plastiki juu, na kando yake utapita waya wa umeme wa kulipasha, mafuta yasishuke chini ya nyuzijoto 50 mpaka yafike kwenu. Kazi hiyo ya kulivika inafanyika Sojo, kule Nzega. Huku sisi tunaunga. Mimi ni mtu wa grainda: nasugua ncha za bomba ziwe zinang'aa, bila kutu wala unyevu, ndipo fundi achomelee. Kisha kiungo kinapigwa eksirei, na kikionekana na kitundu kama cha sindano kinakatwa, tunaanza upya. Toka hapa Kabaale hadi hapo kwetu ni kilomita 1,443, na za Uganda ni 296 tu. Ukilifuata bomba tu, Mama, utanikuta.

Sasa hii ya macho. Ile wiki niliyosema simu imeharibika, haikuharibika. Niliinua kinga ya uso nifute jasho, na fundi wa jirani akawasha moto wake pale pale. Mchana sikuhisi kitu. Saa sita usiku niliamka kama mtu kanimwagia mchanga machoni na pilipili juu yake, machozi yanatoka tu, taa siwezi kuitazama. Zahanati ya kambi wakanitia dawa na kunilaza kwenye chumba chenye giza siku mbili. Yameshapona, naona vizuri kabisa, barua hii naiandika mwenyewe.

Zile siku mbili aliyekuwa akiniletea uji na kitambaa cha maji baridi ni mama mmoja Mnyoro, kabila la huku Hoima, anayefagia vyumba. Aliniuliza, "Empaako yako nani?" Sikuwa nayo. Akasema yeye hawezi kumhudumia mtu asiye na empaako. Ni majina yao ya heshima na mapenzi, kumi na mawili tu kwa kabila zima: Akiiki, Abwoli, Adyeri, Atwooki na mengineyo. Wakisalimiana hawaiti jina lako la kawaida, wanaita hilo. Akafikiri kidogo, mimi nimelala na kitambaa usoni, akasema, "Wewe Amooti." Tangu hapo kila asubuhi nikipita na ndoo yake iko koridoni, "Oraire ota, Amooti?" yaani umelalaje. Namjibu, na baadhi ya vijana wameanza kuniita hivyo.

Jumapili iliyopita tulipelekwa Kaiso, ziwani. Barabara inateremka ukingo wa bonde mpaka masikio yanaziba, halafu Ziwa Albert hilo, na ng'ambo milima ya Kongo. Nilinunua sangara wa kukaanga kwa Mkongo mmoja mvuvi. Kiswahili chake kitamu lakini cha ajabu, "batu banakuja mingi leo". Na mimi aliniambia naongea kama redio.

Idi sitakuja. Zamu yangu imesogezwa wiki tatu, na mshahara wa mwezi jana ulichelewa, umeingia juzi. Pesa nitakayotuma, ya bati kwanza, kabla ya vuli. Bibi mpeni elfu ishirini mkononi, msimnunulie kitu. Huyu dereva akirudi mpeni achari ya embe, chupa mbili, mzifunge vizuri maana njia ni ndefu. Na Mjomba aniandikie mabomba yamefika wapi hapo kwetu.

Mwanao,
Amooti (msicheke)