Mabula au Ngasa? Barua kwa Deo aliyeko Exeter

Mwanza, Jumapili jioni

Ndugu yangu Deo,

Salaam nyingi kutoka Kirumba. Huku wazima, mvua zinasuasua, umeme unakuja na kuondoka, sato kapanda bei, mengine utayajua ukipiga simu. Hongera tena kwa mtoto. Picha imezunguka mtaa mzima mpaka kwa Mama Shija, naye kashatangaza kuwa masikio hayo ni ya upande wetu na hataki ubishi.

Nakuandikia barua badala ya kukurekodia sauti kwa sababu baba yako ndiye aliyenituma, na ujumbe usioweza kukunjwa na kutiwa mfukoni kwake si ujumbe. Alikuja shuleni wakati wa chai, amevaa koti. Ukimwona Mzee Ngasa ndani ya koti saa nne asubuhi na jua hili, ujue kuna kesi. Kasikia kwa Dotto kwamba mtoto anaandikishwa kwa jina la Mabula. "Mabula ni baba yangu mimi," akaniambia, hata kiti hajakikalia. "Deo ni mwanangu. Mtoto wa Deo akiitwa Mabula, mimi nimepitia wapi?"

Nikamweleza nilivyoweza. Kwamba kwenye pasi yako majina yako matatu yalisomwa Kizungu, la mwisho likahesabiwa kuwa la ukoo, na la ukoo ndilo wenzetu wanalompa mtoto, naye atampa wake, hivyo hivyo bila kusogea. Sisi kila kizazi jina linasukumwa hatua moja na la babu linadondoka kwa nyuma. Wao wanaling'ang'ania lile lile. Mzee akafikiri, akauliza: kwa hiyo Mzungu anaitwa kwa jina la mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita na hata sura yake haijui? Nikamwambia ndiyo. Akacheka kwanza, kisha akakasirika upya.

Sasa Deo, swali hilo lilinikuta nimo vitani tayari, kwa sababu ya Mzee Bundala. Tangu mjukuu wake amletee ile jezi nyekundu, kijiwe cha kahawa kimekuwa tawi la Liverpool. Siku moja kaamua kwamba Ghuba ya Speke, ghuba yetu hii unayoikata ukipanda meli ya Nansio, imepewa jina la mtaa wa Liverpool. Ushahidi: Speke ipo Liverpool, na uwanja wa ndege uko huko huko. Hapo hakukosea. Uwanja uliitwa Speke kabla haujapewa jina la John Lennon, na Paul McCartney na George Harrison waliishi mtaa huo utotoni. Wanakijiwe wakampigia makofi. Mimi nikasema hapana, ni la mtu, yule mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, wakaniambia mwalimu wa historia hajui mpira. Tumewekeana sato wa kukaanga, mkubwa, na ugali wake. Ndiyo maana nimesoma habari za jina moja la Kiingereza kuliko ninavyojua habari za ukoo wangu mwenyewe.

Speke ya Liverpool ni jina la ardhi. Imo kwenye kitabu cha hesabu ya mashamba cha mwaka 1086, imeandikwa Spec, na wajuzi wa majina ya mahali wanaihusisha na neno la Kiingereza cha kale la vichaka. Lile jumba la mbao nyeusi na kuta nyeupe linaloitwa Speke Hall lilijengwa na ukoo wa Norris. Ukoo wa Speke uko kona nyingine kabisa ya nchi, kusini-magharibi, Devon na Somerset, yaani huko huko unakoishi wewe! Na jina lao si la mahali, ni la utani. Wanormani walioingia Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na "espec" ilikuwa kigogota, yule ndege anayegonga miti kutwa. Hebu fikiria babu mmoja mwenye pua ndefu, au mwenye mdomo usiopumzika, kama Dotto. Wakambatiza kigogota, naye akazaa watoto, na utani ukaingia kwenye hati za mashamba.

Kilichonishangaza zaidi ni uchache wao. Smith ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina lile lina baba elfu wasiojuana. Kigogota hakuwa na bahati hiyo. Kaskazini, Yorkshire, alikuwepo bwana mkubwa Walter Espec, aliyeanzisha abasia ya Rievaulx mwaka 1132 na kupigana na Waskoti mwaka 1138. Alipokufa hakuacha mtoto wa kiume, mali ikaenda kwa dada zake watatu, na dada zake wakaipeleka kwa waume zao. Jina likaishia hapo. Wa Devon na Somerset walidumu kwa sababu walishika ardhi na ardhi ikawashika wao. Mpaka kijiji kimoja hapo kaskazini mwa Exeter, kando ya mto Exe, kinaitwa Brampford Speke, Brampford ya kina Speke, kukitenganisha na vingine. Umewahi kupita? Ukiwa mtu wa kazi za usiku sidhani unaona chochote isipokuwa basi na kitanda.

Na hata hao waliodumu walikuwa wanaponyoka kidogo kidogo. Makao makuu yao yalikuwa Whitelackington, karibu na mji wa Ilminster. Mwaka 1756 binti wa huko, Anne Speke, aliolewa na Lord North, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu na kuyapoteza makoloni ya Amerika. Anne ndiye aliyekuwa mrithi, basi mali na damu vikahamia kwa kina North, jina likabaki kwa tawi dogo. Ndivyo majina ya Wazungu yanavyokufa, Deo: watu wapo, damu ipo, ila binti akiolewa jina anavua. Mwaka 1874 mtaalamu Francis Galton na padre mmoja mjuzi wa hesabu, Henry Watson, walipiga hesabu ya jambo hili wakaonyesha kwamba jina la ukoo linaweza kufutika kwa bahati tu, baba huyu kupata mabinti, yule kufa bila kuoa, hata kama watu kwa jumla wanaongezeka. Nilimsomea Mzee Ngasa. Akasema hiyo hesabu angewafanyia bure.

Jina hilo liliwahi pia kumuua mtu. Mwaka 1685 Duke wa Monmouth aliasi dhidi ya mfalme, na kina Speke walikuwa marafiki zake, walishamkaribisha nyumbani kwao miaka mitano kabla. Uasi ukashindwa. Charles Speke akanyongwa pale pale Ilminster. Inasimuliwa kwamba jaji, yule Jeffreys katili, aliambiwa mwenye hatia hasa ni ndugu yake, akajibu kuwa familia inadaiwa roho moja, basi huyu atakufa kwa niaba ya mwenye jina. Kama ni kweli neno kwa neno mimi sijui, lakini kunyongwa alinyongwa. Nilipolisimulia hili kijiweni hata Bundala aliweka kikombe chini.

Sasa ndiyo tunafika kwa mtu wetu. John Hanning Speke alizaliwa mwaka 1827 huko Devon, kwenye tawi hilo dogo lililobaki, kwao ni Jordans karibu na Ilminster. Tarehe 3 Agosti 1858 alipanda kilima huku kwetu akaliona ziwa. Na sikia hii, nimeitunzia mwisho kwa ajili ya Bundala: kile kilima alikiita Somerset! Aliandika kwamba kwa kuwa hakikuwa na jina la wenyeji, yeye angekiita hivyo. Hakikuwa na jina! Usukumani, mahali ambapo hata jiwe la kunolea panga lina jina na ukoo wake. Nadhani hakuuliza, au aliuliza kwa haraka. Lakini mtu wa Liverpool hawezi kukiita kilima Somerset. Nimemwekea Bundala hoja hiyo mezani, anasema anaitafakari. Sato bado.

Jina la ghuba lenyewe halikutoka kwa Speke. Alilitoa Stanley mwaka 1875 alipolizunguka ziwa kwa mashua, kumuenzi mwenzake aliyekuwa marehemu. Na Stanley, kaka, hakuwa Stanley. Alizaliwa Wales, mwaka 1841, wakamwandika John Rowlands. Stanley alijipa ukubwani Marekani. Wakongo nao wakampa lao, Bula Matari, mvunja mawe. Yaani aliyetubandikia jina la ukoo wa watu alikuwa ameliacha la kwake. Hilo sijamwambia baba yako, ataanza kusema basi nawe Deo unafuata nyayo.

Speke hakuoa. Alikufa tarehe 15 Septemba 1864, ana miaka 37, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda kware, siku moja kabla ya kupambana kwa hoja na Burton, mwenzake wa safari ile, mjini Bath juu ya chanzo cha Nile. Kwa hiyo kwenye kulieneza jina kwa njia ya kawaida hakusaidia kitu. Lakini angalia lilipo sasa: ghuba hapa kwetu, Mlima Speke kule Rwenzori wenye mita 4,890, barabara Kampala, na hata nzohe, swala wale wa majini wa kisiwa cha Rubondo, jina lao la kisayansi linaishia na spekii. Kuna ndege, kwera, naye analo. Ukichora ramani ya jina hili kwa watu utapata doa dogo Uingereza. Ukiichora kwa maji, milima na wanyama, lote liko kwetu. Na aliyemwongoza njia, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akafika India na kurudi na jina la mji, hana ghuba ziwani humu. Niliwauliza wanafunzi kwa nini, mmoja akajibu kwa sababu hakuwa na kalamu. Nikampa maksi zote.

Haya, nisiipoteze kesi ya mzee. Mimi nilitaka kukuambia Ngasa, kwa sababu ndiye aliyekusomesha na kuuza zile ng'ombe. Halafu nikafikiria kwamba pasi yako ni Mabula, wewe utakuwa Mabula, mtoto Ngasa, na kila mpaka mtakaovuka mtaulizwa huyu ni wa nani. Niliambiwa huko wazazi wanaruhusiwa kuchagua, na mna siku 42 za kuandikisha. Kwa nini msiweke Ngasa katikati na Mabula mwisho? Baba yako anasema katikati ni mahali pa kuwekea nyama kwenye chapati. Lakini nilimwona akilitamka taratibu, jina la mtoto, Ngasa, Mabula, mara mbili tatu, akiwa anaondoka. Na Mabula ni mtoto aliyezaliwa kwenye mvua, kwa hali ya hewa ya Devon unayotusimulia, hata wenyeji wangestahili kuitwa hivyo.

Ninayo na shida yangu. Katika kanisa kuu la Exeter kuna kikanisa cha pembeni cha kina Speke, amezikwa Sir John Speke aliyefariki mwaka 1518. Nenda siku ya mapumziko, nipigie picha, jina lionekane vizuri. Na ukipata mtu mwenye gari, John Hanning amezikwa Dowlish Wake, kijiji kule karibu na Ilminster. Picha ya hapo ndiyo itamaliza mambo, kwa maana Bundala kasema kaburi likiwa Somerset atakubali, likiwa kokote kwingine sato ni wake. Usimtumie Dotto, ataipeleka kijiweni kabla yangu na kudai kamisheni.

Niambie basi: umeshakwenda ofisini au bado? Mama mtoto anasemaje, naye ana jina la kwao analolitaka? Kwenye fomu mtoto wanamwekea majina mangapi, mwisho ni mawili au hata manne? Hao unaofanya nao kazi wanajua majina yao yametoka wapi, au ukiwauliza wanakuangalia tu? Umewahi kukutana na Speke mzima, anayetembea? Nauli ya kutoka hapo mpaka Ilminster ni kiasi gani, nikuchangie? Na lini unakuja, au mpaka mtoto aanze kusoma ndiyo baba yako amwone?

Jibu kwa maandishi, mkononi, mzee atataka kuliona. Ukichelewa kasema atakupigia mwenyewe, na unajua anavyoongea na simu kama anaita mtumbwi ng'ambo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Masalu

N.B. Mama Shija anauliza kama yale mafuta ya mgongo yanauzwa bila cheti. Anasema unayajua.