Kuhusu hiyo kamba

Morogoro, Jumapili usiku

Ndugu yangu Saidi,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila mvua imetukalisha ndani wiki nzima. Najua tangu Ramadhani zamu ya kuandika ni yangu, usinikumbushe.

Aliyenitoa kwenye uvivu ni Kibwana. Juzi kanipigia anacheka, eti umepangwa timu ya kuvuta kamba ya idara yenu, tena mtu wa mwisho kabisa, yule anayejizungushia kamba mwilini. Wewe? Mwenye vidonge vya presha kwenye mfuko wa shati?

Ngoja kwanza, usinitukane. Unazikumbuka zile ndoo za lita 20, toka bombani mpaka kwa Mama Salome? Miguu ilikwenda njia nzima bila kulalamika, lakini mkono ulioshika ndoo uliwaka moto hata mwembeni hatujafika. Mguu unaotembea unakaza na kulegea. Ukikaza, msuli unabana mishipa na damu inakwama. Ukilegea, damu inaingia kwa kishindo. Tena kule kubana kunaisukuma damu iliyotumika irudi moyoni, maana mishipa ya kurudishia ina vilango vya upande mmoja. Sasa mkono wa ndoo umekaza tu, haulegei. Ni mpira wa maji uliokanyagwa. Msuli unalilia damu, na mwili unapandisha presha ili ipenye kwa nguvu.

Haya mimi nimefundishwa na aibu. Bonanza la mwaka jana nilikimbia mita 400, nikawa wa nne (tulikuwa sita, cheka tu). Kuvuka mstari nikasimama tuli, mikono kiunoni, napigwa picha. Mara giza. Nazinduka, miguu yangu iko juu ya kreti la soda na watu wamenizunguka kama msibani. Nesi akaniambia ukikimbia kwa nguvu zote, misuli inachukua zaidi ya asilimia 80 ya damu inayotoka moyoni. Ukiwa umekaa haifiki hata robo. Mishipa ya miguu ilikuwa bado imetanuka, nami nimeizima ghafla misuli iliyokuwa inairudisha damu juu. Ikatuama miguuni, kichwani ikapungua. Ningetembeatembea dakika chache tu, yasingenikuta.

Lakini yangu yalikuwa ya kuchekesha. Yako hapana. Kamba ni ile ndoo, ila mwili mzima umekaza, na pumzi mmezibana. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliwapima watunisha misuli wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu: wastani wa presha ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao akapita 480 kwa 350. Na hao walikuwa vijana wazoefu, wazima wa afya. Wewe unaanza na ngapi, Saidi?

Sisemi ukae nyumbani. Tembea, endesha baiskeli. Na uwanjani nenda, kawe mpiga kelele wa timu, sauti Mungu kakujalia. Ila hiyo kamba...

Daktari umemwambia, au umemwambia Kibwana tu? Vidonge unameza kila siku au mpaka kichwa kigonge? Shemeji ana habari, au nimwandikie mwenyewe? Na pampu yangu ya baiskeli utairudisha lini?

Wako,
Hamisi