Shija amekuja na mwenzake

Mwangaluka, mdogo wangu.

Habari nimezipata kwa mama, si kwako. Sawa. Anasema picha imeonyesha wawili tena. Yaani Shija, mtoto anayefuata mapacha, tuliyemngojea nyuma ya Kulwa na Doto naye kaja na mwenzake! Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakumbuka sina namba yako mpya.

Dokta amekwambia kama wanachangia kondo la nyuma au kila mmoja ana lake? Uliza. Huonekana vizuri mimba ikiwa ya wiki 11 hadi 14. Ikishakua, kutambua ni kazi. Wanaochangia hupigwa picha kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, maana mmoja anaweza kumpunja mwenzake damu. Yale mahudhurio 8 ya kliniki ni ya mwenye mtoto mmoja, wewe utazidisha. Vidonge vya kuongeza damu umeze hata vikikuchefua. Ulikuwa unavitupa nyuma ya choo, nilikuwa naviona.

Na presha. Hapo ndipo.

Siku ile pale Busisi, ukiwa na mimba ya Kulwa na Doto, kivuko kilikuwa upande wa pili. Umekalia ndoo ya mama muuza sato, ukaniambia, "Dada, kichwa. Naona vimulimuli." Nikakupa Panadol na soda, nikasema acha kudeka, miguu kuvimba ni kawaida ya mapacha. Nilisema, sikatai. Lakini mimi nimezaa watatu, mmoja mmoja. Nani alinifundisha kwamba kichwa cha namna ile na vimulimuli ni dalili za kifafa cha mimba? Kadi ilikuwa kwenye mkoba wako, presha imezungushiwa wino mwekundu, na kliniki hukurudi wiki saba. Ungenionyesha! Badala yake ukanisubiri siku ya kuanua matanga, mbele ya mawifi, ukasema Doto kafa kwa mdomo wangu.

Ile shali yake ya kijani ninayo. Sijaifua.

Siku hizi daraja lipo, kilomita 3, unavuka hata soda hujaimaliza. Kwa hiyo usiniambie utazalia zahanati ya hapo kijijini. Wewe ni wa hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu.

Mama anasema kliniki yako ni Jumanne. Nitakuwa Kigongo, ng'ambo ya daraja, tangu saa mbili asubuhi. Usiponisalimia, basi, ila nipe kadi niisome.